Saa Sita Ipi

11 Januari

Mpwa wangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo, kama wanaruhusu salamu kuingia bila kupekuliwa. Sisi huku wazima. Mama yako hajambo ila miguu. Kufua mashuka ya hospitali kutwa nzima, umesimama kwenye sakafu yenye maji, si kazi ya mtu wa umri wake, lakini nikimwambia apumzike ananiuliza nani atayafua, kana kwamba asipokwenda siku moja wagonjwa watalala chini. Macho nayo yamezidi kufifia, kwa hiyo barua yako nimemsomea mimi. Mimi niko palepale kiwandani, kwenye kile kimeza cha dirishani, nasoma prufu na kusahihisha makosa kabla hazijapigwa chapa. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku lako la vitabu. Hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana tangu uondoke.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Miezi minane kimya, halafu unaleta ukurasa mmoja wenye makosa saba. Nakurudishia humu ndani, nimeyatia alama kwa wino mwekundu. "Nimefudhu mafunzo"! Ni kufuzu, mama, kufuzu. Au huko hata herufi zinakwenda kwa kwata? Mwishoni umeandika "ninatumika vizuri". Hilo sikulipigia mstari, maana kwa mara ya kwanza jeshi limesema kweli. Jembe nalo hutumika vizuri.

Nimeona wengi wakienda huko. Wako wanaokwenda kwa ajili ya tumbo, na hao siwacheki. Mkono mtupu haulambwi. Kinyozi wetu, kabla hajawa kinyozi, alikwenda kwa ajili ya viatu. Alisema wazi, akapewa viatu, akatoroka navyo, na mimi namheshimu kuliko jenerali. Lakini wako wanaokwenda kwa ajili ya kioo. Wanataka kujiona wamesimama wima ndani ya gwanda, na mtu mwingine ameshawafikiria kila kitu, kuanzia saa ya kuamka mpaka upande wa kulalia. Wewe hapa nyumbani ulikuwa unakula. Viatu ulikuwa navyo, jozi mbili. Kioo nacho kipo, kimepasuka kidogo lakini kinaonyesha.

Basi niambie ulifuata nini. Mama yako nimemwambia uko stoo, unapanga mablanketi. Usije ukaniumbua.

Ni mimi mjomba wako, ninayesubiri sababu moja isiyochekesha.


2 Machi

Shikamoo mjomba, na shikamoo mama.

Mimi ni mzima. Tunalala wanawake kumi na wawili chumba kimoja, vitanda vya chuma, na kila mtu ana msumari wake ukutani wa kutundikia kofia. Mwambie mama avae soksi nene akiwa kazini na akirudi ainue miguu juu ya mto. Mwambie pia namkumbuka, na usiongeze maneno yako katikati.

Nakuomba usinirudishie tena barua zangu. Zinafunguliwa getini. Ile yenye wekundu wako sajini aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote, kosa baada ya kosa, na sasa jina langu hapa ni Kalamu. Hata mpishi ananiita hivyo. Hongera.

Unataka sababu. Mwaka wa mafuriko, daraja liliposombwa na mama akakwama ng'ambo siku tatu, ni nani waliokuja na kamba na mbao? Wasahihishaji? Nilimwona askari mwanamke amesimama kwenye maji mpaka kifuani, ameshika kamba, na watu wanapita wakishikilia bega lake mmoja mmoja, mama akiwemo. Hakuwa akijitazama kwenye kioo. Nilitaka kuwa yeye. Cheka sasa.

Kuna nyingine, na hii utaichukia zaidi. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo nikilia naambiwa nimekosea kitenzi. Hapa nikikosea naadhibiwa: nauzunguka uwanja mara kumi na jiwe kichwani, natua jiwe, yamekwisha, tunakwenda kula. Kwako nikikosea nasahihishwa, na kusahihishwa hakuna mwisho. Umekaa miaka thelathini na moja ukinyoosha maneno ya watu, na wewe mwenyewe hujasema neno moja ambalo lingekugharimu kitu.

Na usijifanye hukuhusika. Lile tangazo la jeshi lililobandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko, mimi niliisoma prufu yake mezani kwetu, kando ya sahani yako. Niliuona mkato wako mwekundu. Niliisoma mara mbili, nikaona imeandikwa vizuri, nikaamini. Nilidhani kitu ambacho mjomba amekipitia hakiwezi kuwa na uongo ndani yake.

Mpwa wako.


20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako amevaa soksi, anasema zinawasha. Mguu hakuinua, anasema kuinua miguu ni kazi ya wenye nafasi. Paka wanne wamepata wenyewe, mmoja amebaki, ana jeuri kama yako.

Juu ya jina la Kalamu nimecheka mpaka mpanga herufi akaja kuniuliza kuna nini. Kumbe hata huko wanajua kutania. Nilidhani ni lazima waombe ruhusa.

Tangazo. Ndiyo, lilipita mezani kwangu. Kila kitu kinapita mezani kwangu: mialiko ya arusi, ratiba za mazishi ya watu nisiowajua, vikaratasi vya dawa ya mende. Lililetwa na ofisa mmoja mwenye kitambi na adabu kidogo, limeandikwa VIJANA NJOONI MTUMIKE. Basi. Hakuna mkato, hakuna anayetumikiwa, ni kutumika tu, kama ndoo. Nikaandika: VIJANA, NJOONI MUITUMIKIE NCHI YENU. Hiyo ni kazi yangu. Daktari akimshona mwizi, yeye hajaiba. Na mtu mzima anayejiunga na jeshi kwa sababu ya tangazo la ukutani ni sawa na anayeoa kwa sababu ya picha ya kalenda.

Sasa huyo mwanamke wako wa kamba. Simcheki. Nami namkumbuka, na mama yako anamwombea mpaka leo. Lakini yule alishika kamba kwa sababu siku ile alipewa kamba. Siku nyingine atapewa kitu kingine, naye atakishika vilevile, kwa mkono uleule, bila kuuliza. Ninachokidharau ni huko kutouliza. Kamba haina kosa.

Hayo ndiyo yangu. Ukipenda yaite kusahihisha.

Mjomba wako.


5 Mei

Shikamoo mjomba, shikamoo mama.

Nyani haoni kundule. Itazame vizuri, nimeiandika bila kosa. Daktari wako hakumwandikia mwizi barua nzuri ya kumkaribisha.

Habari za huku ni kwamba nimepewa kazi mpya. Kapteni alisikia ninavyoitwa, akauliza kwa nini, akacheka, akanipa kipaza sauti. Kikosi kikitoka kwenda kwa raia, mimi ndiye msomaji wa matangazo. Wenzangu husoma kama wanasukuma mkokoteni mlimani. Nimeshasoma mara nne. Tatu zilikuwa za chanjo ya ng'ombe na barabara kufungwa.

Barua hii haipiti getini. Nimempa mpishi anayekwenda likizo, na za kwako nazo zitume kwa anwani ya nyumbani kwake niliyoiandika nyuma ya bahasha.

Nina swali, ni la lugha tu, na najua unavyoyapenda. Mtu akitangaza jambo litakuwa kabla ya saa sita, asiseme mchana wala usiku, halafu wasikilizaji wakaelewa sivyo, kosa ni la nani? Ni la msemaji au la msikilizaji?

Nijibu upesi ukiweza. Mama mwache aendelee na mablanketi yake.

Mpwa wako.


19 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako amepata mafuta ya kuchua, chumba kizima kinanuka kama duka la dawa. Kiwandani mashine ya zamani imekatika mkanda, tumekaa siku mbili tukitazamana.

Hatimaye umeuliza kitu chenye maana. Saa sita kwa siku ziko mbili, mtoto wa chekechea anajua. Anayeandika "saa sita" peke yake ni mvivu. Anayeisoma kwa sauti huku akijua ina pengo ni mbaya kuliko mvivu, kwa sababu karatasi haina mdomo lakini yeye anao. Msikilizaji hana kosa kabisa. Msikilizaji husikia ile inayomfaa, ndivyo tulivyo wote. Kosa ni la msemaji, na nikiwa mimi ndiye mwenye kiwanda, simlipi.

Hayo niliyaandika juzi, nikaiacha barua mezani nitafute stempu. Jana ikaletwa kazini habari ya gazeti la wiki, mistari tisa. Mwezi uliopita kikosi kiliwahamisha wakazi wa machimbo ya mawe kupisha uwanja wa shabaha. Zoezi limekwenda kwa utulivu. Mkazi mmoja, bibi mponda kokoto, amefariki kwa kuangukiwa na ukuta wa nyumba yake "baada ya kukaidi muda uliotangazwa, yaani saa sita mchana". Nikaitia alama mahali pamoja, palipokuwa na herufi iliyorukwa, nikaipitisha. Nilikuwa nimeshaanza ukurasa mwingine ndipo nikarudi kuisoma tena, safari hii kama mtu.

Basi nijibu mambo mawili, bila mapambo. Tangazo lilisomwa na nani? Na hilo neno "mchana" lilikuwepo?

Mjomba wako.


30 Juni

Shikamoo mjomba. Mama umsalimie. Mpishi alichelewa kurudi, ndiyo maana nimekawia. Na hata angewahi ningekawia.

Nilisoma mimi. "Mchana" haikuwepo.

Ilikuwa Jumanne moja, mwishoni mwa Aprili. Karatasi ilisema: Wakazi wote wanatakiwa kuondoka hapa kabla ya saa sita, siku ya Alhamisi. Pengo nililiona nilipoipokea tu, maana wewe ndiye uliyeniambukiza maradhi haya. Nikasema moyoni, huyo ni mjomba anaongea, nyamaza mjomba. Unajua nilijisikiaje? Nilijivuna. Nilikuwa nimeliona kosa na nimeweza kuliacha kama watu wengine wote. Nikasoma vizuri sana.

Wale watu walielewa usiku. Walikuwa wamekodi lori moja kwa nyumba zote, liwahamishe kwa zamu kuanzia saa nane mchana Alhamisi. Tingatinga lilifika saa sita juani. Watu walikuwa wanafunga magodoro. Yule bibi alikuwa na mguu mbovu, amebaki ndani akisubiri lori, na dereva wa tingatinga akaambiwa upande ule umeshahamwa. Hakukaidi chochote. Hakuna aliyeuliza ni saa sita ipi, vinginevyo labda mambo yangekwenda tofauti.

Sasa Kapteni ameandika maelezo ya tukio. Yanasema kwamba msomaji alisoma "saa sita mchana" mara mbili, kwa sauti ya kusikika. Inatakiwa sahihi yangu na za askari saba waliosimama karibu nami. Nikisaini, nitapewa utepe wa koplo na mambo yataendelea. Nisiposaini, kosa litakuwa langu, kwamba nilisoma kwa uzembe: mwaka mmoja mahabusu, kisha nafukuzwa. Baraza la kijeshi litakaa tarehe 14 Agosti. Mpaka siku hiyo nina ruhusa ya kufikiri, ndivyo Kapteni alivyosema, akacheka.

Sikuandika mimi ile karatasi. Sikuendesha tingatinga. Nilisoma nilichopewa. Mjumbe hauawi, mjomba, au siku hizi anauawa?

Mpwa wako.


8 Julai

Mpwa wangu,

Sitaandika habari za nyumbani. Ni zilezile.

Mjumbe hauawi. Kweli kabisa, hauawi, ndiyo maana wajumbe hawamaliziki duniani. Methali yako haisemi lolote juu ya wale waliopelekewa ujumbe.

Lugha yetu ina utani mbaya. Sahihi ni jina lako chini ya karatasi, na sahihi ni kitu kisicho na kosa. Wanataka ya kwanza ili ipatikane ya pili. Nawe utawapa. Utasaini, nakufahamu, na utaandika jina lako kwa mwandiko mzuri nilioufundisha mimi, kisha utashona utepe begani na kujitazama. Watu wa gwanda hawana dhambi, wana amri. Mkubwa alisema, mdogo alisoma, wa chini yake aliwasha injini, na ukuta ukaanguka wenyewe kwa utovu wa nidhamu.

Hilo la kwamba hakuna aliyeuliza silinunui. Mimi nikinunua nyanya nauliza mara tatu. Watu wanaambiwa watoke kwenye nyumba zao, na katika mtaa mzima hakuna mwenye ulimi? Umenidanganya mara nyingi tangu ukiwa mdogo, na siku zote uongo ulikuwa unauweka kwenye sentensi ya mwisho ya hadithi.

Usitarajie nikwambie la kufanya. Unapenda kuambiwa, nenda kwa sajini.

Mama yako ananiuliza kwa nini siku hizi barua zako ni fupi. Namsomea mistari miwili ya salamu, nakunja. Jana aliniuliza mbona karatasi ina kurasa tatu. Nikamwambia una herufi kubwa.

Mjomba wako.


20 Agosti

Shikamoo mjomba, shikamoo mama.

Naandika kwa penseli, magotini. Chumba kina dirisha moja juu na kitanda cha saruji. Mpishi ndiye ameitoa barua hii, chini ya sufuria.

Uliuliza juu ya sentensi ya mwisho. Aliuliza mtu. Aliuliza yule bibi.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la kokoto zake, nyundo mkononi, kitambaa cheusi kimefunga goti, hatua nne kutoka niliposimama. Nilipomaliza kusoma alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Saa sita ipi, mwanangu?" Hakupaza sauti, hakuhitaji. Nilimtazama Kapteni. Kapteni alikuwa anatazama saa yake. Basi mimi nikainua kipaza sauti mbele ya mtu aliye hatua nne, nikamsomea tena lote, kuanzia "Wakazi wote" mpaka "Alhamisi", kwa matamshi mazuri, bila kuongeza neno. Akasema, "Ahsante mwanangu." Akarudi kuponda.

Neno lenyewe ni "mchana". Hata mtoto anayeanza kusema analiweza. Nililimeza kwa sababu askari haongezi neno kwenye amri, na kwa sababu anayeongeza maneno ni wewe, na mimi nilishaapa kwamba sitakuwa wewe. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Haipo.

Sikusaini. Usinipongeze, kalamu nilishaishika na herufi ya kwanza nilishaiandika. Kilichonizuia ni neno "kukaidi". Maelezo yalisema mkazi alikaidi. Niliwaambia baraza nilisoma nini, na kwamba niliulizwa, na aliyeniuliza alikuwa nani. Mwenyekiti akawauliza wale saba kama kuna aliyesikia swali lolote. Wote saba hawakusikia. Tulikuwa tumesimama kama vidole vya mkono mmoja siku ile, mjomba, na hawakusikia. Mmoja wao ni yule anayelala kitanda cha juu yangu, tunagawana sabuni. Palipoandikwa sahihi nane wamekata, wakaandika saba, maelezo yamepita. Kapteni anakwenda kuwa meja. Mimi nina mwaka wangu mmoja na kufukuzwa kwangu, kwa kosa la uzembe wa kusoma.

Kwa hiyo umeshinda, kama ulikuwa unashindana. Ulidharau gwanda na gwanda limekupa haki. Lakini nikwambie kitu. Ungekuwepo pale siku ile, na kalamu yako, ungemsahihisha Kapteni? Mbele ya bunduki ishirini? Ofisa mmoja mwenye kitambi alikuja mezani kwako na karatasi, na wewe ulimpambia maneno yake, ukamkabidhi kwa mikono miwili.

Nilikuwa nasema hapa mtu akikosea anaadhibiwa, yanakwisha. Nimeadhibiwa. Hayajakwisha.

Mwambie mama chochote unachotaka.

Mpwa wako.


3 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu zangu, na kwa leo ni salamu tu, hazina kitu nyuma yake.

Ungeniuliza hilo swali lako la bunduki ishirini mwezi wa kwanza, ningekujibu kwa kurasa nne. Nisingemsahihisha. Ningerudi nyumbani nikamcheka mezani, wakati wa kula, mbele yenu wawili, na ningejiona mtu hodari sana.

Barua yako ilipofika nilimkuta mama yako anakunja nguo. Nikamwambia akae. Nikamsomea yote. Sikuanzia hiyo ya juzi, nilianzia Januari, zako na nakala za zangu, kama zilivyo, pamoja na yale niliyosema juu ya kioo na yale uliyosema juu yangu. Nilisoma mpaka koo likakauka. Kwenye mablanketi alitikisa kichwa tu, akasema alijua tangu zamani. Nani apelekwe jeshini miezi minane kujifunza kupanga mablanketi.

Nilipomaliza nilidhani atalia, nikawa nimeshaandaa la kumtuliza. Akaniuliza, "Huyo bibi alikuwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Akasema nitazame kwenye barua. Nikazipitia mbele yake, moja moja, zako na zangu, nikitumia kidole. Kuna mguu wake, kuna nyundo yake, kuna saa aliyokufa. Alikuwa na nani, hakuna.

Mama yako akacheka. Nimeishi naye miaka yote tangu tuzaliwe, mpwa wangu, na sikuwahi kusikia akicheka namna ile. Akasema, "Ninyi wawili mmeandikiana tangu Januari. Mmegombana juu ya saa, mmegombana juu ya tangazo, nani mwerevu, nani mjinga, nani aliandika, nani alisoma. Mtu amekufa tangu Aprili. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza wafiwa wako wapi." Mimi, ninayejua kila neno, nikaanza kukusanya karatasi.

Akaenda hospitali kuomba ruhusa, ya kwanza tangu aajiriwe. Wakamkatalia, akawaambia basi mashuka yao wafue wenyewe. Amesema atakwenda mpaka machimboni, na kama watu wameshahamishwa atauliza walipopelekwa, ataendelea kuuliza. Nikamwambia nitamsindikiza, macho yake ni mabaya. Akasema nibaki, watu wana msiba wao, hawahitaji mtu wa kuwasikiliza matamshi. Nikasema basi niandike barua ya pole aichukue. Akasema mwaka huu nimeandika za kutosha.

Alikuwa ameshavaa viatu. Nikamuuliza atawaambia nini watu wale, yeye aliye mama wa msomaji.

Akasema, "Gazeti limeandika kwamba mtu wao alikaidi. Nakwenda kuwaambia hakukaidi. Aliuliza, na mwanangu alimsikia."

Leo ni siku ya tatu. Hajarudi.

Mjomba wako.